Maneno ya Kituo cha Nne

Siku ya Jumanne, siku nne kabla ya kufunguliwa kwa ukumbi mpya, Tunu Mbelwa alibandika kinong'onezi nyuma ya sikio ili akague maelezo ya kituo cha nne, na mama yake mdogo Mwantumu, aliyekuwa kaburini mwaka wa sita, akamwambia uongo.

Sauti ilikuwa ileile, ya kukwaruza kidogo, ya mtu aliyepuliza moto wa kuni ujana wake wote. "Hapa mbele yako ni mfano wa Soko la Msufini, kazi kubwa ya kwanza ya Profesa Anselmi Kagoro. Jengo lenyewe lilianguka mwaka wa pili tangu lizinduliwe, watu kumi na tisa wakafa, kwa kosa la mhandisi wa ujenzi Mwasiti Semboja, aliyepunguza unene wa nguzo bila idhini ya msanifu."

Tunu alikubali. Ilikuwa kwa muda wa pumzi mbili tu, lakini alikubali; kichwa chake kilitikisika chenyewe kama kilivyotikisika utotoni alipoambiwa nenda kaoge, njoo ule. Kisha akakumbuka kwamba Mwasiti Semboja alikuwa mama yake mzazi, na kwamba Mwantumu wa kweli alikaa miaka ishirini na sita akiapa mbele ya kila mtu kwamba dada yake hakupunguza hata nondo moja.

Akakibandua kinong'onezi, akakiweka mezani.

Kazi ya kuviunda vidude vile aliifahamu kuliko mtu yeyote katika Makumbusho ya Sanaa na Usanifu ya Ntyuka. Kila kimoja kina ukubwa wa punje ya haragwe na hukaa kwenye mfupa. Mgeni akikivaa, hukaa dakika tatu akisikia vipande vya sauti, vya kike, vya kiume, vya wazee, vya watu wa bara na wa pwani, na kidude hupima jinsi mapigo ya moyo na mikondo ya ubongo inavyovijibu. Taratibu hukata hapa, hupunguza pale, mpaka sauti inatua mahali ambapo msikilizaji habishi tena. Mmoja husikia bibi yake. Mwingine husikia mwalimu wa darasa la pili. Kidude hakijui sauti hiyo ni ya nani. Kinajua tu kwamba mtu huyu anaiamini.

Zamani wageni walipita mbele ya mabomba yaliyopindwa na nyumba za udongo zisizo na milango, wakacheka, wakaenda kununua soda. Tangu vinong'onezi vianze walikuwa wakisimama, na wengine walitoka wakifuta machozi. Ndiyo maana kulikuwa na sheria mbili. Maneno yote yasainiwe na watu watatu kabla ya kuingizwa. Na fundi asifungue kamwe njia ya sauti ya mgeni akasikia anachosikia, kwa kuwa kuisikia sauti hiyo ni sawa na kuingia chumbani kwa mtu.

Maelezo ya kituo cha nne yalikuwa yameshasainiwa na watu watatu.

*

"Shikamoo, Bi. Mkurugenzi."

"Marahaba, Tunu. Kaa."

Felista Madeje alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, anayesoma kila karatasi mpaka mwisho. Tunu alimheshimu, na ndiyo sababu alikwenda kwake kwanza.

"Naomba tuyaangalie upya maneno ya kituo cha nne."

"Yana nini?"

"Yanamtaja mtu kwa jina, na mtu mwenyewe hayupo kujitetea."

"Yametoka kwenye hukumu," Felista akasema. "Nimeisoma yote, kurasa mia moja na kumi. Karatasi ya marekebisho ya nguzo ina sahihi yake. Unao ushahidi mwingine?"

Tunu alikuwa na sentensi moja. Mama yake aliitamka katika chumba cha wageni cha gereza, mwaka mmoja kabla nimonia haijamwondoa humohumo: sahihi ile ni yangu kwa umbo, siyo kwa mkono. Mwantumu aliitunza sentensi hiyo na kumkabidhi Tunu kama watu wanavyokabidhiana hati ya shamba. Lakini Tunu alitumia jina la baba yake, na hapo kazini hakuna aliyejua yeye ni mtoto wa nani. Angesema, angeondolewa kwenye mradi asubuhi hiyohiyo.

"Sina," akasema. "Nawaza tu watoto wa shule. Kila mmoja ataambiwa na bibi yake kwamba mwanamke huyo aliua watu."

"Chombo kiliundwa kwa ajili hiyo, Tunu. Wasikie na waamini."

Alirudi kwenye chumba chake akiwa mtulivu kiasi cha kujishangaa. Kwa miaka mingi chuki yake kwa Kagoro ilikuwa kama jino bovu, inauma usiku, asubuhi unakula. Sasa ilikuwa imepata kazi ya kufanya.

Akatenga kinong'onezi namba kumi na saba, atakachovaa Kagoro mwenyewe akija kuufungua ukumbi wa kazi zake. Humo akaingiza maneno mengine ambayo hakuna mtu aliyeyasaini, sentensi kumi na mbili alizoziandika kwa siku tatu, akifuta na kurudia. Hakutaraji Kagoro akiri. Watu wa namna ile hawakiri. Alichotaka ni aogope. Alitaka aingie kwenye ukumbi wake mwenyewe mbele ya wageni mia mbili, asikie kutoka kwa sauti asiyoweza kuibishia, labda ya mama yake, labda ya padri aliyembatiza, mambo ambayo aliamini yamezikwa, na atakaposimama kuhutubia, mdomo umkauke. Alitaka watu waone, waulizane amepatwa na nini, wasimwalike tena popote.

Ikiwa maneno yale yangemfanyia jambo baya zaidi ya hilo, Tunu alikuwa tayari kuishi nalo.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Profesa Kagoro alishuka kwenye gari akiwa na fimbo ya mpingo na suti ya kijivu iliyompwaya mabegani. Alikuwa na miaka sabini na minane. Tunu alimtazama kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka mitano, akaona mzee mwenye masikio makubwa na kipaku cha wembe shingoni.

"Binti, hiki hakitanipigia kelele?"

"Hakipigi kelele."

"Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndimi."

Hakumwamkia. Profesa aliinamisha kichwa ili abandikiwe, na ngozi ya nyuma ya sikio lake ilikuwa laini na baridi. Tunu alibonyeza mara moja, akaondoka.

Chumba cha mitambo kilikuwa juu, chenye kioo kinachotazama ukumbi mzima. Chini, wageni walikaa kimya dakika tatu, kila mmoja akitafutiwa sauti yake. Katika dakika ya pili mabega ya Kagoro yalishuka. Akafumba macho, na alipoyafumbua alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeitwa na mtu wa nyumbani katikati ya mji wa ugenini.

Kituo cha kwanza Tunu alikiacha kipite. Kwenye kituo cha pili, mbele ya nyumba ya matofali ya chumvi, sentensi ya kwanza ikaenda. Anselmi, nguzo za Msufini ziliandikwa sentimita arobaini na tano. Nani aliandika ishirini na tano?

Mzee alisimama. Wageni walimpita wakitazama juu, kila mmoja akisikiliza ya kwake.

Kwenye kituo cha tatu ikaenda nyingine, na nyingine. Watu kumi na tisa, Anselmi. Ilikuwa siku ya gulio. Kagoro aliushika ukuta. Tunu aliona jasho likimtoka kwenye paji la uso, na ndani yake kikapanda kitu kitamu, kizito, ambacho hakukionea haya hata kidogo.

Kagoro alipofika kituo cha nne, chini ya mfano wa soko wenye nguzo nyembamba nzuri kama miguu ya twiga, alisikia: Na yule mwanamke uliyemzika akiwa hai, ulimtazama usoni siku ya hukumu?

Vinong'onezi hupokea maswali ya wageni, na kila swali hutokea kama maandishi kwenye meza ya fundi. Midomo ya Kagoro ikacheza. Mbele ya Tunu pakaandikwa:

Mwasiti, mbona unajisema kama mtu mwingine?

Tunu alisoma mara mbili. Hakuwa amelifikiria hilo. Katika siku zote tatu za kuandika hakuwaza hata mara moja kwamba mtu anaweza kumwangamiza mwenzake na bado akabaki hamwamini mtu mwingine kama anavyomwamini yeye.

Sheria ya pili aliivunja bila kufikiri. Akafungua njia ya sauti ya namba kumi na saba, na sentensi iliyofuata akaisikia pamoja na mzee.

"Ulimtenda nini mtu aliyekuamini, Anselmi?"

Ilikuwa sauti nyepesi, ya haraka, yenye lafudhi ya Korogwe inayoinuka mwisho wa neno, na chini yake kulikuwa na kicheko kilichozuiwa. Tunu hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti ya mama yake. Familia haikuwa na hata rekodi moja. Kila alipovaa kinong'onezi alikuja Mwantumu. Na sasa mama yake alikuwa akisema ndani ya sikio lake, wala hakuwa na hasira. Maneno yalikuwa ya chuki lakini yeye aliyatamka kwa upole, kama mtu aliyepewa barua ya mwingine aisome, kwa sababu hivyo ndivyo Kagoro alivyomhifadhi.

Maandishi yakaendelea kutokea, haraka.

Niliogopa. Wenye fedha walitaka nguzo kama za mchoro wa kwanza. Wewe ulikataa, ukasema hesabu haikubali. Nikaandika ishirini na tano mimi. Sahihi yako nilikuwa naijua kuliko yangu. Niliposikia limeanguka nilidhani nitasema, kisha wakaniuliza, nikaona nimekwisha kusema ni wewe.

Halafu, baada ya nafasi:

Umenisamehe?

Alama ya kuandikia ikabaki inawaka na kuzima. Tunu aliandika Hapana. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Neno hilo alikuwa amelibeba miaka thelathini na miwili, na sasa lingefika likiwa na sauti inayostahili, na mzee yule angelisikia mpaka siku ya kufa kwake. Aliitamani hukumu ile mwili mzima.

Lakini nani alikuwa anasema hapana? Mwasiti hakuulizwa. Huenda angesamehe, huenda angemtemea mate. Kagoro alichukua mkono wa Mwasiti akautumia kuandika alichotaka yeye. Na Tunu kwa muda wa nusu saa alikuwa ameuchukua mdomo wa mama yake. Aliposhtukia kwamba amefanana na mtu yule, chuki haikupungua. Iliongezeka, ila sasa ilikuwa na sehemu mbili za kwenda.

Akafuta neno. Akaizima namba kumi na saba, akateremka ngazi.

*

Kagoro alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono sikioni.

"Imekatika," akasema. "Binti, irudishe. Tulikuwa tunaongea."

"Kivue."

"Nimesema irudishe."

"Kivue kwanza, Profesa, nikwambie."

Akakibandua. Tunu akakipokea kwenye kiganja.

"Mimi ni mtoto wa Mwasiti Semboja," akasema. "Yale maneno niliyaandika mimi. Mama hakusema hata moja. Sauti ilitoka kwako mwenyewe."

Mzee alimtazama usoni. Akasema, "Tunu. Ulikuwa unalala kwenye mifuko ya saruji." Kisha macho yakaingiwa na woga, akajinyoosha, akashika fimbo. "Mahakama ilishaamua jambo hilo. Uliyoyafanya hapa ni kosa la jinai."

"Najua."

"Nilichosema humo hakina thamani. Nilidanganywa."

"Ndiyo. Ulidanganywa. Nimekuja kukwambia ili usije ukasema baadaye hukujua." Kila neno lilimgharimu. Alijua anamfungulia mlango atoke. "Sasa hakuna kitu sikioni mwako. Nenda kaseme unachotaka."

Felista Madeje alikuwa anakuja kwa hatua ndogondogo, akitabasamu. "Profesa, wageni wamekwisha kukaa. Tunakusubiri wewe tu."

Alikwenda. Tunu alisimama nyuma karibu na mlango, akiwa ameshika punje ile mkononi. Kagoro alitoa hotuba yake kwenye mfuko wa koti, akaanza vizuri, akashukuru waliostahili kushukuriwa, akaeleza alivyotafuta mwanga katika zege. Sauti yake ilikuwa imara. Tunu aliisikiliza akafikiri: ametoka, nimemwacha atoke kwa mkono wangu.

Ilikuwepo desturi kwamba mheshimiwa anayefungua ukumbi husoma kwa sauti maelezo ya kituo kimoja, ili watu wayasikie mara moja kwa sauti ya mtu mmoja. Felista akampa kadi ya kituo cha nne. Kagoro akaivalia miwani.

"Hapa mbele yako ni mfano wa Soko la Msufini," akasoma. "Jengo lenyewe lilianguka mwaka wa pili tangu lizinduliwe, watu kumi na tisa wakafa, kwa kosa la mhandisi wa ujenzi."

Akanyamaza. Watu walidhani amepoteza mstari. Felista akamwonyesha kwa kidole mahali lilipokuwa jina.

"Naliona," Kagoro akasema. Kipaza sauti kilichukua pumzi yake. "Mhandisi alikataa. Alikataa mara tatu, kwa maandishi, nami nikayachoma yale maandishi. Namba niliibadilisha mimi. Sahihi niliiga mimi. Mwasiti hakuhusika." Akaiweka kadi juu ya meza taratibu sana. "Nilikuwa nimezoea kusikia wengine wakilitaja jina lake hapo. Sikuwahi kulisoma mwenyewe."

Mwanamke mmoja katika safu ya pili, aliyevaa kitenge cha kijani, alisimama akatoka nje, na baadaye ilijulikana kwamba baba yake alikuwa akiuza vitunguu Msufini siku ile.

Tunu alingoja furaha. Kilichokuja kilikuwa kama kunywa maji ukiwa na homa: yamepita kooni na kiu ipo palepale.

*

Alifukuzwa kazi Jumatatu. Felista aliisoma barua yote mbele yake, mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungeniambia wewe ni nani."

"Ungenihamisha."

"Ningekuhamisha," Felista akakubali. "Na maneno yale yangebaki." Akatia sahihi.

Baraza la Vyombo vya Sauti lilimzuia kugusa kinong'onezi kwa miaka mitano. Kukiri kwa Kagoro kulikubaliwa, kwa kuwa wakati akisema hakuwa na kitu sikioni na alikuwa ameambiwa ukweli wote; wakili wake alijaribu kupinga, mwenyewe akamkataza. Baada ya miezi minane mahakama ilifuta hukumu ya Mwasiti Semboja. Kagoro, kwa umri wake, hakupelekwa gerezani, akafungiwa nyumbani kwake Ipagala asitoke nje ya uzio. Tunu alipoisikia adhabu hiyo alicheka, na watu waliokaa naye benchi moja wakasogea kidogo.

Kumbukumbu ya namba kumi na saba iliharibiwa kwa amri ya Baraza, mbele yake, kwa kuwa sheria ilitaka fundi aliyetenda kosa ashuhudie. Ofisa alimuuliza kama ana pingamizi. Alifikiri juu ya ile sauti nyepesi inayoinuka mwisho wa neno. Alifikiri pia juu ya kile ilichokuwa inasema.

"Sina," akajibu. "Maneno hayakuwa yake."

Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka Ipagala, imeandikwa kwa mkono. Kagoro hakuomba kitu. Alisema kwamba alifanya kazi na Mwasiti miaka kumi na moja, kwamba daktari amempa miezi, na kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho aliye hai anayekumbuka jinsi mwanamke yule alivyokuwa akizungumza, akibishana, akiimba hesabu zake. Akitaka, aje.

Tunu alikaa na barua ile siku nyingi. Alijua kutokwenda kungemuumiza mzee kuliko uzio wowote, akaipima raha hiyo, na ilikuwa kubwa. Kisha akanunua daftari.

Alikwenda kila Alhamisi saa tatu asubuhi. Hakumwamkia siku ya kwanza wala siku zilizofuata. Hakunywa chai aliyoandaliwa. Alifungua daftari, akauliza, akaandika: alivaa nini, alisema nini, alikasirikaje, alipokasirika mikono aliiweka wapi. Mzee akichoka, alimngoja apumzike, akauliza tena. Akisema hakumbuki, alikaa kimya mpaka akumbuke. Mjukuu aliyemhudumia alimwomba mara moja afupishe, kwa kuwa babu alikuwa hapati usingizi baada ya siku hizo. Tunu akasema amekwisha ruhusiwa na mwenyewe.

Alhamisi ya tisa Kagoro alikuwa hawezi tena kukaa. Alilala ubavu, uso umegeukia dirisha, na alikuwa anasimulia asubuhi walipomwaga zege la kwanza la Msufini. Katikati ya habari akanyamaza. Pumzi yake ilikuwa na mlio.

"Tunu," akasema. "Nilimuuliza yeye, ikawa si yeye. Basi nakuuliza wewe. Utanisamehe?"

Alitazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umeshika kalamu, akatazama mgongo mwembamba chini ya shuka. Nje mtu alikuwa anafagia ua.

Akafungua ukurasa mpya.

"Ulifika pale alipovua viatu akapanda juu ya jukwaa la mbao," akasema. "Akawaambia nini mafundi?"